Simu ya chuo inaita tu haishikwi: huwa inapotelea wapi?

Kila mwaka barua za kujiunga na vyuo zikishatoka kuna kilio kimoja kinatoka kwa wazazi: hawa watu wa chuo hawashiki simu. Mama yuko Kitale, mtoto ameitwa chuo Nairobi, ana swali moja tu, pesa ya hosteli inalipwa lini na kwa akaunti gani. Anapiga ile nambari iko juu ya barua, inaita mpaka inakatika. Anapiga tena, bize. Mara ya tatu inashikwa na sauti ya kurekodiwa inamwambia abonyeze moja, anabonyeza, kimya. Hapo anaamua tu ni madharau, na siwezi kumlaumu, saa ingine kweli ni madharau. Lakini hizo simu tatu zimekufa mahali patatu tofauti, kila mahali pana mwenyewe wake, na dawa ya hapa haiponyi pale. Nimefanya kazi hizi za simu na mtandao vyuoni na kitu kinaniuma zaidi si mitambo mibovu, mitambo hutengenezwa, ni vile hakuna mtu anajua simu yake imepotelea wapi, kwa hivyo lalamiko linaenda kwa mtu asiyeweza kufanya lolote, mara nyingi yule dada wa swichibodi anayetukanwa kutoka asubuhi hadi jioni kwa makosa ya watu wengine.

Tuanze na nambari yenyewe. Ile ya kuanza na 020 si ya simu fulani iliyo kwa meza fulani. 020 ni kodi, yaani msimbo wa eneo, ya Nairobi, na tarakimu zinazofuata zinakupeleka mpaka kwa mtambo mmoja wa chuo unaitwa PABX, ambao unakaa kwa chumba kimefungwa kufuli na kiyoyozi kinanguruma ndani, na huo mtambo ndo unajua ekstensheni, yaani nambari ya ndani, 214 iko fedha na 330 iko maktaba. Ukipiga kutoka nje unafika kwa mlango wa PABX, hapo unapokelewa na opareta au na sauti ya kurekodiwa, alafu ndo unasukumwa ndani. Watu wa ndani wakipigiana simu haitoki nje kabisa, inazunguka hapo hapo kwa mtambo, haigharimu chuo hata ndururu, na hiyo ndo sababu kubwa simu za mezani bado ziko vyuoni hata kama kila mtu ana simu mbili kwa mfuko.

Siku hizi utaona taasisi nyingi za Nairobi zimebandika nambari za 0703, 0709 ama 0730 zinazoishia na sufuri tatu. Mzazi akiona hivyo anadhani ni simu ya mkono ya mtu, anatuma hata meseji ya WhatsApp anangoja jibu. Hiyo si simu ya mkono. Ni kampuni ya simu imeuzia chuo nambari nyingi zinazofuatana, na zote zinaingia kwa ule ule mtambo kupitia faiba. Raha yake ni kwamba chuo kikitaka, zile tarakimu tatu za mwisho zinakuwa ndo ekstensheni. Yaani kama ofisi ya msajili ni 214, unatoa zile sufuri unaweka 214, unaingia moja kwa moja bila kupitia kwa opareta. Si kila chuo kimepanga hivyo, lakini pale kimepanga ni jambo linafaa kuandikwa kwa barua ya mwanafunzi kwa herufi kubwa, juu mzazi hana njia ya kulibuni.

Sasa hiyo bize.

Kati ya kampuni ya simu na mtambo wa chuo kuna njia zilizohesabiwa. Kwa ile teknolojia ya zamani inaitwa E1, laini moja inabeba mazungumzo 30 kwa wakati mmoja, basi. Mtu wa 31 anapata bize hata kama kwa ofisi anayoitafuta watu wamekaa wanakunywa chai na simu iko hapo mbele yao haijaita tangu asubuhi. Kwa hii mpya ya SIP inayopita kwa mtandao hakuna hiyo 30 ya lazima, lakini bado chuo kinanunua idadi ya njia, na zikijaa zimejaa.

Hesabu ya hii kitu ilifanywa zamani na mtu wa Denmark, A. K. Erlang, aliyefanya kazi na kampuni ya simu ya Copenhagen, na andiko lake la kwanza kuhusu msongamano wa simu lilitoka 1909. Mpaka leo kipimo cha msongamano kinaitwa kwa jina lake. Wacha niweke kwa mfano. Tuseme kwa saa moja watu 400 wanapiga chuo, na kila mmoja anaongea dakika tatu. Hizo ni dakika 1,200, yaani masaa 20 ya maongezi ndani ya saa moja, yaani erlang 20. Ukiwa na njia 30, fomula inasema kwa watu mia moja hata mmoja mzima hapati bize. Iko poa kabisa, na ndo maana mhasibu wa chuo akiangalia ripoti ya mwezi wa Mei anaona njia zinatosha na hata zinabaki. Alafu inafika ile wiki ya kuripoti, watu 400 wanakuwa 800, dakika ni tatu zile zile. Sasa umepata erlang 40 na njia ni 30. Hata kama kila njia ingetumika bila kupumzika sekunde moja, robo ya watu lazima wakose, na kwa ukweli ni zaidi ya robo. Na hapo fomula inahesabu ni kama mtu akikosa anaenda zake nyumbani. Nani huyo? Mzazi akikosa anapiga tena papo hapo, anampa na shangazi naye ajaribu na laini ya Airtel, kwa hivyo zile 800 zinakuwa elfu na kitu bila mtu mpya kuongezeka hata mmoja. Angalia vile simu zimeongezeka mara mbili tu lakini shida haikuongezeka mara mbili, imetoka karibu sufuri ikafika juu kabisa. Hiyo ndo tabia ya njia za kushiriki, zinakuonyesha amani mpaka siku zinajaa.

Na usikimbilie kununua njia zingine 30. Huko ndani kuna mtu mmoja wa udahili, na kama kila mzazi anachukua dakika tatu, huyo mtu akikaza bila hata kwenda haja anahudumia watu 20 kwa saa. Ishirini! Ukiongeza njia utakuwa umeongeza tu watu wa kungoja kwa foleni wakisikiliza muziki. Kitu kinasaidia ni kufungua meza tano za muda kwa hizo wiki nne za mchangamko, na kile ambacho mimi naona kila chuo kingefanya kesho asubuhi bila kununua chochote, ile sauti ya kurekodiwa ianze na majibu yenyewe. Badala ya kuambiwa simu yako ni ya muhimu kwetu, mtu aambiwe tarehe ya kuripoti ni hii, karo inalipwa kwa njia hii, vitanda vinaombwa kupitia tovuti. Watu wengi wangekata simu wenyewe wakiwa wametosheka.

Ile ya kuita mpaka inakatika ni ugonjwa mwingine, na kwangu huo ndo mkubwa. Hapo njia ilikuwa wazi, mtambo ukafanya kazi yake, simu ikafika kwa meza. Lakini meza ya nani? Ekstensheni ni ya mahali, si ya mtu. Afisa anastaafu, mwingine anahamishiwa jengo lingine, idara mbili zinaunganishwa, chumba kinageuzwa stoo, na ile 214 inabaki imechomekwa hapo ndani ya chumba kimefungwa ikiita magazeti ya zamani. Orodha ya nambari kwa tovuti bado inasema 214 ni ofisi ya ufadhili. Ukiuliza nani anatunza hiyo orodha, ICT, yaani watu wa kompyuta na mtandao, watakwambia wao wanatunza mtambo, majina wanaletewa na utumishi, utumishi watasema kila idara inafaa kutuma mabadiliko, na karani wa idara atashangaa, yeye hajawahi kuambiwa. Nimeona hii kitu mara nyingi kiasi cha kwamba nikiambiwa simu za chuo fulani hazifanyi, swali langu la kwanza huwa si mtambo ni wa kampuni gani, ni nani jina lake limeandikwa kama mwenye orodha. Kama hakuna jina, hapo umeshapata jibu.

Na kuna dawa rahisi iko ndani ya karibu kila PABX, hata nyingi za zamani. Simu ikiita mara tano bila kushikwa ihamie ekstensheni ya pili, na ya pili ikikosa irudi kwa opareta. Ni mpangilio wa dakika chache. Alafu kila mwezi mtambo unaweza kutoa ripoti ya ekstensheni ambazo ziliita bila kujibiwa, na hiyo ripoti ikienda kwa mkuu wa idara, si kwa fundi, utashangaa vile watu huanza kukumbuka kwamba wana simu.

Kuelewa kwa nini mambo yalivurugika hivi lazima urudi nyuma kidogo. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 simu zote Kenya zilikuwa chini ya shirika moja, KPTC, na ukitaka laini unaomba na unangoja. 1999 shirika likagawanywa, simu zikaenda Telkom Kenya, barua zikaenda Posta, na usimamizi ukapewa tume ambayo leo ni Mamlaka ya Mawasiliano. Mwaka uliofuata Safaricom na Kencell wakaingia sokoni na kila kitu kikabadilika. Vyuo vikabaki na nyaya za shaba ndani ya ardhi, na shaba ina soko, wezi wakachimba, laini zikakufa kampasi moja baada ya nyingine. Ofisi zikaanza kununua zile simu za mkono za bei rahisi zikae kwa meza. Lakini kupigia simu ya mkono kulikuwa ghali, maana mtandao mmoja ukipeleka simu kwa mwingine kuna ada ya kuipokea, na hiyo ada ilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika kabla ikatwe hadi 2.21 mwaka wa 2010. Kwa hivyo wahasibu wakafunga ekstensheni nyingi zisipige simu za mkono bila kubonyeza kodi maalum ya siri. Hiyo ada ilishashuka hadi senti 41 mwaka wa 2024, bei ya zamani ilishakufa, lakini kuna ofisi bado ziko na kufuli ile ile na hakuna mtu amewahi kuuliza kwa nini. Ndo unapata karani mzuri kabisa anakwambia hawezi kukupigia, umpigie wewe.

Sasa simu za kisasa. Geuza ile simu ya mezani uangalie mgongo wake. Utaona matundu mawili yanafanana kama mapacha, moja la kuingiza waya kutoka ukutani, lingine lina kapicha ka kompyuta. Waya wa ukutani unaleta vitu vitatu kwa pamoja: sauti, mtandao wa kompyuta, na umeme wa simu yenyewe. Kompyuta inachomekwa kwa mgongo wa simu, na ndani ya waya huo mmoja sauti na data zinatenganishwa zisigombane. Sasa siku ya kuhamisha meza mtu anaona waya mbili zimening'inia na ukutani kuna matundu mawili, kwa roho safi anachomeka zote mbili ukutani. Simu inageuka daraja, data inatoka kwa tundu hili inaingia kwa lile inazunguka bila mwisho, na kama swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa ghorofa, haijapangwa kuzuia mizunguko, ghorofa nzima inapoteza mtandao na hakuna anayeshuku kale kasimu ka kwa kona. Kama mnahamisha ofisi, tafadhali bandikeni kastika kwa kila waya. Hiyo tu.

Huo umeme ndo tofauti kubwa na simu ya zamani. Simu ya shaba ilikuwa inakula volti 48 kutoka kwa eksichenji, kituo cha kampuni ya simu, ambako kuna betri kubwa kubwa, kwa hivyo stima ikipotea Nairobi nzima wewe bado unaongea. Simu ya leo inakula kutoka kwa swichi iliyo kwa korido, kwa kiwango kilichowekwa 2003 ambacho ni wati 15.4 kwa kila tundu, na swichi inakula kutoka kwa stima ya jengo. Stima ikienda na swichi haina betri, simu zote za ghorofa zinazima pamoja na waifai. Jenereta ikiwaka bado swichi na simu zinachukua muda kurudi, ziamke, zitafute seva, zijisajili upya. Ukiona skrini ya simu imeandikwa inajisajili ngoja kidogo kabla hujaita fundi, lakini ikipita muda na imekwama hapo, mwambie fundi neno lenyewe uliloliona kwa skrini, litamwokolea kazi.

Alafu kuna umbali. Chuo Kikuu cha Nairobi kwa mfano hakiko mahali pamoja, kuna Chiromo, Parklands, Kabete ya juu na ya chini, na Kikuyu kule Kiambu. Zamani kupigia Kikuyu kutoka mjini ilikuwa kupitia laini za kulipia. Siku hizi chuo chenye kampasi nyingi kinaweza kupitisha simu zake kwa faiba ile ile ya intaneti, na kwa vyuo vya Kenya mambo ya intaneti yanapitia sana KENET, mtandao wa elimu ulioanzishwa 1999, ambao vyuo vyenyewe ni wanachama wake. Watu hudhani simu zikikwaruza basi intaneti ni ndogo. Mazungumzo moja ya simu yanakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, hata simu mia moja kwa wakati mmoja hazifiki megabiti tisa, hiyo ni video mbili tatu za wanafunzi. Shida si ukubwa, ni kuchelewa. Sauti ikichukua zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili watu wanaanza kukatizana, wewe unaanza sentensi na yeye anaanza, mnanyamaza wote, mnaanza tena wote. Kwa hivyo rauta lazima iambiwe sauti ipite kwanza na video ingoje. Kama hilo halijafanywa, chuo kinaweza kuongeza intaneti mara tano na saa nne asubuhi simu bado zinakwaruza vile vile.

Na ile kimya ya mama wa Kitale? Hiyo iko hapa, pale alipobonyeza moja akahamishwa. Kwa simu za mtandao, kuita ni jambo moja na sauti ni jambo lingine, zinapita milango tofauti. Ujumbe wa kusema simu imeshikwa unaweza kupita vizuri alafu sauti ikakwama kwa ukuta wa usalama wa mtandao juu mlango wake haujafunguliwa. Inaonekana imeshikwa, pesa inakatwa, hakuna kitu. Au mnasikizana upande mmoja tu, wewe unamsikia yeye hakusikii. Ukikutana na hiyo usiseme tu simu ni mbaya. Sema namsikia hanisikii. Fundi anayejua kazi akisikia hayo maneno mawili anajua pa kwenda bila hata kufika kwa meza yako.

Hapo nigusie helpdeski kidogo, ile meza ya ICT ya kupokea malalamiko. Tiketi nyingi, yaani malalamiko yaliyoandikishwa, zinasema simu haifanyi, basi, hakuna jina la chumba. Fundi anahitaji vitu vichache sana: ulipiga kutoka ekstensheni gani, ulipiga nambari gani, saa ngapi, na ulisikia nini. Bize ya haraka haraka mara nyingi ni njia zimejaa au mtambo umekataa, bize ya polepole ni yule mtu yuko kwa simu ingine. Mteja hapatikani ni simu ya mkono imezimwa au haina netiwaki, hiyo si kazi ya chuo. Saa ni muhimu kuliko vyote, kwa sababu mtambo unaandika kila simu na saa yake, na kwa saa hiyo fundi anaitafuta simu yako moja kati ya elfu.

Kwa vile simu za ofisi zimekuwa hivyo, kazi halisi ya mawasiliano imehamia kwa simu za watu binafsi. Mhadhiri ana grupu za WhatsApp za madarasa, mwakilishi wa darasa ndo msemaji wa chuo bila mshahara, anapigiwa usiku wa manane aulizwe CAT, ule mtihani wa ndani ya muhula, ni ya lini, bando ni zake, na akimaliza mwaka wa nne ile grupu inakufa naye au inabaki na watu ambao hakuna anayewajua. Sitaki kukashifu WhatsApp, imeokoa masomo ya watu wengi. Lakini tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nambari ya simu ya mwanafunzi ni data yake binafsi na chuo kina wajibu nayo. Kubandika kwa grupu la watu 300 orodha yenye majina, nambari za usajili, simu na baki ya karo, hiyo si mawasiliano, ni kumwanika mtu. Na mhadhiri naye ana haki ya jioni yake. Mitambo mingi ya sasa ina programu ya kuweka ekstensheni ndani ya simu ya mkono, anapokea kama nambari ya ofisi, saa kumi na moja jioni anaizima. Iko, kwa taasisi nyingi imeshalipiwa, ila hakuna aliyewafundisha watu.

Meseji za chuo pia zina mambo yake, na kuna kimoja kinahusu Kiswahili moja kwa moja. SMS moja inabeba herufi 160, lakini ni kama zote ziko kwa orodha ya herufi za GSM. Kale kaalama ka kwenye ng', kakiwa kamenyooka vile kako kwa kibodi, kako kwa orodha. Sasa karani anaandika tangazo kwenye Word, muhula mpya unang'oa nanga Jumatatu, Word inakapinda kenyewe kapendeze, ananakili anapeleka kwa mtambo wa SMS. Kalikopindwa hakako kwa orodha. Herufi moja tu ikikosekana meseji yote inahamishwa kwa mfumo mwingine wa herufi 70, na ikigawanywa kila kipande kinabeba 67. Tangazo la herufi 150 lililokuwa meseji moja linakuwa tatu, na kwa wanafunzi elfu kumi hizo ni meseji elfu ishirini za ziada chuo kimelipa kwa sababu ya kaalama kamoja. Alafu mtu anasema Kiswahili ni ghali kutuma, turudi Kiingereza! Nyoosha tu alama. Na kama chuo kinatuma kupitia jina lililosajiliwa kama la matangazo ya biashara, mwanafunzi aliyefungia matangazo kwa laini yake hatapata kitu, hata kama ni tarehe ya mtihani. Jina la chuo lisajiliwe kama la huduma.

Eduroam, ile waifai inayoshirikiwa na vyuo, nayo kwa ufupi, maana inaletea watu kichwa kuuma. Ukiwa mwanafunzi wa Juja na umeingia chuo kingine Nairobi kilicho na eduroam, waifai ya hapo haikujui, inatuma swali kwa chuo chako, chuo chako kinajibu ndio ni wetu, unaingia. Inajua chuo chako kwa ile sehemu inayofuata alama ya @. Ukiandika nambari ya usajili peke yake inaweza kukubali kwenu lakini ukitoka nje haina mahali pa kuuliza. Andika jina kamili na sehemu ya chuo, siku zote.

Matapeli wanaishi kwa hii mivurugiko yote. Mzazi aliyekosa kushikiwa simu siku nzima akipigiwa jioni na mtu mpole anajiita wa udahili, anaamini, juu hatimaye kuna mtu amemsikiliza. Nambari inayoonekana kwa skrini inaweza kughushiwa, kwa hivyo hata ukiona ni ya chuo si ushahidi. Pasiwadi haiombwi kwa simu na mtu yeyote wa ICT, na karo inalipwa kwa njia iliyo kwenye tovuti ya chuo, si kwa laini ya mtu. Ukiwa na shaka kata, upige wewe mwenyewe. Na ndo narudia, simu isiyoshikwa si usumbufu tu, inawasukuma watu kwa mikono ya wezi.

Jambo la mwisho ndo naliwazia zaidi, simu za dharura. Tarehe 12 Aprili 2015, siku kumi tu baada ya shambulio la kigaidi la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, umeme ulilipuka alfajiri katika ile kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani wameshambuliwa, wakaruka kutoka juu, mmoja akafariki na zaidi ya mia moja wakaumia. Saa kama hiyo watu wanatafuta neno moja la kuaminika kutoka kwa mtu wanayemjua, na dakika za kulitoa ni chache mno. Kwa hivyo nambari ya usalama ya kampasi isipitie kwa sauti ya bonyeza moja bonyeza mbili, simu yake iwe na betri yake, iwe na laini ya pili ya mkono isiyotegemea faiba ile ile, na iandikwe nyuma ya kitambulisho cha mwanafunzi. Meseji za dharura ziwe zimeandikwa kabla, na ijulikane kwa jina ni nani ana ruhusa ya kuzituma saa kumi usiku bila kutafuta sahihi ya mtu aliyelala.

Na kama wewe una simu ya mezani ofisini, kuna swali moja la kuuliza ICT wiki hii. Mitambo mingi inataka utangulize 9 au 0 ndo utoke nje, kwa hivyo uliza ukipiga 999 au 112 kutoka hapo unatanguliza au hutangulizi. Jibu liandike kwa karatasi ulibandike kwa simu yenyewe, pamoja na jina la kampasi, jengo na geti la karibu, kwa sababu anayepokea upande wa pili anaweza kuona nambari kuu ya chuo tu, na nambari kuu itampeleka mjini wakati wewe uko Kikuyu.